Ukiingia Studio na Kamera: Ushauri kwa Anayeanza Kuifuatilia Bendi ya Panki Inayorekodi Albamu

Katika siku kumi na moja nilizokaa na bendi moja ya panki ya Nairobi ilipokuwa ikirekodi albamu yake ya kwanza, nilipiga picha za nyimbo zote tisa, kila wimbo kutoka pembe tatu, na nilipofika kwenye meza ya uhariri nikagundua kwamba karibu picha zote hizo hazina kazi. Vijana watatu wamevaa hedifoni, wameinamisha vichwa, wanapiga vyombo. Wimbo wa pili hauna tofauti yoyote na wa saba ukizima sauti. Kilichobaki kwenye filamu ni yale yaliyotokea baada ya wimbo kwisha: mpiga dramu akibandua plasta kidoleni, mpiga besi akiuliza kama nauli ya gari lililoleta amplifaya imeshalipwa, fundi mitambo akikaa kimya muda mrefu kuliko kawaida yake. Nakuandikia wewe unayeanza ili usihitaji siku kumi na moja kulijua jambo hili, kwamba filamu ya makala kuhusu kurekodi albamu inapatikana kati ya teki na teki, yaani kati ya kila mara wimbo unaporekodiwa na mara inayofuata, na kwamba maandalizi yako yote, kuanzia kamera hadi mkataba, yanapaswa kuelekezwa huko.

Jina lenyewe la panki lina kisa chake. Kwetu Mwanza panki ni ule mfupa wa sangara unaobaki baada ya minofu kuondolewa kiwandani, na nilipomwambia shangazi yangu kwamba nakwenda Nairobi kwa ajili ya panki aliniuliza ni nani kule anayekula mapanki. Sikumsahihisha sana, kwa sababu muziki huu uliochipuka New York na London katikati ya miaka ya 1970 nao ulivuliwa minofu: gitaa halipewi dakika nne za kujionyesha, na wimbo huwa umekwisha katika dakika ya pili au ya tatu. Kwa mpiga picha hilo si jambo dogo. Bendi ya dansi ikianza kupiga, unao muda wa kuzunguka chumba na kurekebisha lenzi kabla ya sebene. Bendi ya panki itakuwa imemaliza wewe ukiwa bado unatafuta mahali pa kusimama, na itaanza tena mara moja, mara kumi, mara ishirini, kila teki ikifanana na iliyotangulia isipokuwa kwa jambo moja dogo linalowafanya wakubali au wakatae.

Mfano ninaourudia kila ninapoulizwa ni wa The Clash, bendi ya panki ya London, na albamu yao London Calling, waliyoanza kuirekodi Agosti 1979 katika studio za Wessex, kaskazini mwa London, ndani ya jengo lililokuwa ukumbi wa kanisa, na iliyotoka Uingereza tarehe 14 Desemba mwaka huohuo. Albamu ilipotimiza miaka 25, Don Letts alitengeneza filamu kuhusu jinsi ilivyorekodiwa, The Last Testament, na katika toleo hilohilo la mwaka 2004 zikatolewa picha za video zilizopigwa ndani ya Wessex siku zile, ambazo umma haukuwahi kuziona. Ukizitazama kwa jicho la fundi utazisikitikia: ni nyeusi na nyeupe, zinatikisika, na hakuna aliyejisumbua kupanga taa. Lakini ndani yake yumo Guy Stevens, prodyuza wao, akitupa viti na kuzungusha ngazi humo humo studio watu wakiwa kazini. Wanamuziki wenyewe walisimulia baadaye kwamba ndivyo alivyokuwa, na msikilizaji angeweza kudhani wanatia chumvi, kama wafanyavyo wakongwe. Picha zile mbovu zinaondoa shaka yote. Stevens hakuwa mtu wa kushika vitufe vya mixa, kwani kazi hiyo ilikuwa ya fundi mitambo Bill Price. Yeye alijiona ana jukumu la kukitia chumba joto, na jukumu la namna hiyo haliachi alama yoyote kwenye kanda ya sauti. Bila kamera ndani ya chumba, lingebaki kuwa hadithi.

Katika kazi hiyohiyo kuna kisa kingine ambacho nakiona ni somo zima la upigaji picha. Wimbo wa kwanza kunaswa, Brand New Cadillac, haukuwa hata wao. Ni wimbo wa Vince Taylor wa mwaka 1959, ambao walikuwa wakiutumia kupasha mikono moto. Walipoumaliza ilionekana kwamba mwendo ulikuwa umeongezeka njiani, hivyo urudiwe. Stevens akakataa kwa hoja kwamba rock and roll yote huongeza mwendo, na teki ile ndiyo inayosikika kwenye albamu hadi leo. Sasa jiulize ungekuwa wapi wakati huo. Wengi wetu, tukiambiwa kwamba bendi inapasha moto tu, tungekuwa nje tunakunywa chai na kuchaji betri.

Kwa hiyo jifunze kwanza utaratibu wa studio ili uweze kubashiri. Bendi nyingi za panki hupiga pamoja, dramu, besi na gitaa, wakitazamana, huku mwimbaji akiimba sauti ya muda tu ya kuwaongoza. Kinachotafutwa siku hizo za mwanzo ni dramu, kwa maana besi na gitaa vinaweza kurudiwa peke yake baadaye, lakini dramu ikiharibika kila kitu kilichojengwa juu yake kinayumba. Basi siku za dramu kaa karibu na mpiga dramu, utazame mikono na uso wake fimbo zikishatulia, maana yeye ndiye anayebeba mzigo na ndiye atakayechoka kwanza. Kisha huja siku za kurudia magitaa, ambazo nakwambia wazi kuwa zinachosha, na unaweza kuzitumia kulala au kunakili kazi yako. Mwisho huja siku za sauti ya mwimbaji, na hapo usiondoke hata kwenda msalani.

Siku ya sauti, kuna kioo kinachotenganisha chumba cha mwimbaji na chumba cha mitambo; weka kamera upande alipo mwimbaji. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona filamu nyingi zilizopigwa zote kutoka chumba cha mitambo, kwenye viti vizuri, penye spika nzuri na watu wa kuzungumza nao. Mwimbaji wetu alirudia mstari mmoja mara kumi na nne. Chumba alichosimama kilikuwa na zulia la zamani ukutani na balbu moja, na kila aliporudia alisikia sauti ya fundi kwenye hedifoni ikimwambia, “Tena kaka,” kisha kitufe kinaachiwa na kimya kinarudi. Mtu asiyewahi kusimama pale hajui kimya kile kilivyo, maana si kimya cha chumba kitupu. Unawaona watu nyuma ya kioo, midomo yao inakwenda, na husikii hata neno moja. Baada ya mara ya kumi na mbili aliinua macho na kuwakuta wote kule ndani wanacheka, mpiga besi ameshika tumbo. Nilikuwa nimechuchumaa mita mbili kutoka alipo. Alivua hedifoni taratibu, akaitundika kwenye stendi ya maikrofoni, akatazama sakafu kwa muda ambao kwenye kamera ni sekunde ishirini na sita, akaivaa tena. Mara ya kumi na nne ndiyo iliyokubaliwa, na ukiisikiliza utasikia hasira ambayo haimo katika zile za mwanzo. Hakuniambia lolote juu ya kicheko kile, nami sikumuuliza.

Ninaweza kukisimulia kisa hicho kwa sababu nilikuwa nimesharuhusiwa kuwa upande ule, na ruhusa ile sikuipata kwa barua. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, nami siku ya tatu fundi mitambo alinikabidhi kibunda cha nyaya akaniambia nizikunje vizuri, si kwa kuzizungusha kwenye kiwiko kama kamba ya mbuzi. Nilizikunja. Tangu hapo nikawa mtu wa pale, na wanamuziki wakaacha kunyoosha migongo kila nilipoinua kamera. Jem Cohen, aliyetengeneza filamu ya Instrument kuhusu bendi ya Fugazi ya Washington, alifahamiana na Ian MacKaye, mwimbaji na mpiga gitaa wa bendi hiyo, tangu shule ya sekondari, na alikusanya picha kuanzia mwaka 1987 hadi 1998 kabla filamu haijatoka mwaka 1999. Wewe huna miaka kumi na moja, najua, lakini unaweza kufika siku tatu kabla ya kurekodi ukakaa mazoezini bila kamera, ukabeba amplifaya pamoja nao, na ukajua nani hanywi pombe na nani hapendi kutaniwa kabla ya saa nne asubuhi.

Ukiwa kule ndani, kumbuka kwamba maikrofoni za studio zinasikia kuliko wewe. Siku ya pili bendi ilipata teki ambayo hata mimi nisiye mwanamuziki nilihisi nywele zikinisimama. Ule mshindo wa mwisho ukawa unafifia taratibu, dramu ikiendelea kunguruma kwa mbali, nami nikasogeza mguu kupata uso wa mpiga gitaa. Funguo zilizokuwa mfukoni mwangu zikalia. Fundi alicheza kipande kile mara tatu, akageuka kunitazama, hakusema neno. Teki ile ilitupwa, na iliyochukua nafasi yake ni nzuri, lakini si ile. Tangu siku hiyo huingia chumba cha kurekodia bila funguo, bila sarafu, bila saa ya mkononi, nikiwa na soksi tu miguuni, na simu huiacha nje kabisa, kwa kuwa hata ikiwa kimya mawimbi yake yanaweza kuingia kwenye amplifaya ya gitaa na kutoa mlio wa tiktiktik. Taa zako nazo zichunguze: baadhi ya taa za bei nafuu na vipunguza mwanga hufanya gitaa livume, na hapo atakayezima taa ni wewe, si mpiga gitaa. Kwangu mimi afadhali picha yenye giza kuliko kuwa chanzo cha mvumo kwenye albamu ya watu.

Mambo ya mitambo nitayapitia haraka. Umeme wetu Kenya na Tanzania ni wa hezi 50, hivyo piga fremu 25 kwa sekunde na shata ya 1/50, vinginevyo taa nyingi zitapepesa kwenye picha. Omba waya mmoja kutoka kwenye mixa uingie kwenye kinasa sauti chako, lakini usiutegemee peke yake, kwa sababu waya huo unakuletea muziki bila chumba. Maneno ya kati ya teki na teki, ambayo ndiyo unayoyatafuta, hunaswa na maikrofoni yako mwenyewe. Muulize fundi anarekodi kwa kiwango gani, kwani faili ya kilohezi 44.1 ikisomwa kama ya kilohezi 48 wimbo utakimbia na kupanda sauti, na hata viwango vikilingana, vifaa viwili visivyofungwa kwenye saa moja huachana kidogo kidogo kadiri muda unavyokwenda. Piga kofi moja mbele ya kamera mwanzoni mwa kila kadi na jingine mwishoni, upate alama za kulinganishia picha na sauti.

Mahali pa kupigia pakaguliwe mapema, tena kwa saa ileile utakayofanya kazi. Letts huyohuyo, alipopiga video ya wimbo London Calling kando ya mto Thames eneo la Battersea, Desemba 1979, aliweka kamera kwenye boti mbele ya gati bila kujua kwamba mto ule una maji kupwa na maji kujaa. Maji yalikuwa yamekupwa, kamera ikawa chini mno kuliko bendi, mkondo ukaisukuma boti mbali, kisha mvua ikaanza kunyesha. Mtoto yeyote wa Bagamoyo angemwonya. Mvua ile, hata hivyo, ndiyo inayoifanya video ipendeze, na hilo haliondoi ukweli kwamba wewe hutapata bahati hiyo. Studio yetu ilikuwa juu ya karakana ya kuchomelea vyuma, na kwa kuwa hakuna aliyekwenda kuitazama mchana, tulilazimika kuhamishia kazi yote ya dramu usiku.

Sasa karatasi. Andikeni makubaliano kabla ya siku ya kwanza, na yaseme bayana ni filamu ya namna gani mnayotengeneza. The Clash waliwahi kushiriki katika filamu nyingine, Rude Boy ya Jack Hazan na David Mingay, iliyochanganya mambo ya kubuni na ya kweli. Ilipofika mwaka 1980 bendi ilikuwa imeshaikataa kiasi cha kutengeneza beji za kusema hawaitaki. Fugazi, kwa upande mwingine, walishirikishwa hadi kwenye uhariri. Msimamo wangu uko katikati, na wenzangu wengine hawaupendi: bendi ioneshwe filamu kabla haijakamilika, iwe na haki ya kutoa jambo linalogusa familia au afya ya mtu, lakini isiwe na haki ya kutoa jambo kwa sababu tu linawaonesha wakiwa wachovu au wenye kukosea. Liandikwe hivyo, na wote waweke sahihi, akiwemo fundi mitambo, ambaye sura yake itaonekana kuliko anavyodhani.

Usisahau pia kwamba kila wimbo una haki mbili, ya utunzi na ya rekodi, ambazo zinaweza kuwa mikononi mwa watu tofauti, na kwamba bendi ikipumzika hupiga nyimbo za watu wengine. Kile kisa cha Brand New Cadillac kinakuhusu hapa kwa mara ya pili: dakika nzuri kuliko zote za filamu yako zinaweza kuwa za wimbo ambao huna ruhusa ya kuutumia. Andika jina la kila wimbo wa kuazima siku hiyohiyo, kwa sababu baada ya miezi minne hakuna atakayekumbuka kile kipande cha sekunde arobaini kilitoka wapi, na mwenye haki atakumbuka.

Kuhusu kunakili kazi, fanya hesabu kabla ya kununua diski. Kamera yangu hujaza kama gigabaiti 45 kwa saa; kamera mbili, saa tano kwa siku, siku kumi na moja, ni karibu terabaiti tano, na nakala ya pili inafanya kumi. Ni fedha nyingi. Lakini The Clash, kabla ya kuingia Wessex, walirekodi nyimbo zao za mazoezi kwenye mashine ya njia nne za sauti katika chumba chao cha Vanilla, Pimlico, London, na msaidizi wao aliyetumwa kuipeleka kanda kwa Stevens akasinzia kwenye treni, akazinduka, akashuka mbio na kuiacha kitini. Nyimbo zile zilihesabiwa kuwa zimepotea kwa miaka 25, hadi Mick Jones, mpiga gitaa wao, alipokuta kanda nyingine ndani ya maboksi alipokuwa akihama nyumba mwaka 2004. Nakala moja ibaki studio, nyingine uende nayo nyumbani, wala zisipande gari moja.

Uhariri ulinichukua miezi mitano, na hapo ndipo nilipojua walichokuwa wakicheka. Nilikuwa nimeacha kamera ya pili kwenye stendi ndani ya chumba cha mitambo, na nilipozilinganisha kwa yale makofi mawili, pande zote mbili za kioo zikakaa sambamba: upande huu mwimbaji anavua hedifoni, upande ule kijana wa bodaboda amerudi kudai chipsi ya ofisi ya jirani aliyoileta kimakosa, na mpiga besi ameshaila nusu. Hakuna aliyekuwa akimtazama mwimbaji.

Niliwaonesha filamu mle mle studio, kama makubaliano yalivyosema. Kile kipande kilipofika nilikuwa nimejiandaa kuombwa nikitoe. Mwimbaji aliniambia nirudishe nyuma, akakitazama tena hadi mwisho, kisha akamgeukia mpiga besi na kumuuliza kama ile chipsi alishailipa.